Pandoc 3: Faili la Word Limegeuka Tovuti!

Jamani, hii Pandoc toleo la 3, programu ya kugeuza mafaili kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, imenoga! Fungua dirisha la amri, andika hivi:

pandoc tasnifu.docx --toc -t chunkedhtml -o tasnifu.zip

Bonyeza Enter. Hujameza mate, faili lako la Word limeshakuwa tovuti: kila sura na ukurasa wake, na viungo vya kwenda mbele, kurudi nyuma na kupanda juu. Unataka igawanye hadi vichwa vidogo? Ongeza --split-level=2, kwisha kazi. Kilichonifanya nipige makofi peke yangu kama mwendawazimu ni viungo vya ndani. Kiungo cha sura ya kwanza kinachoelekeza sura ya nne hakipotei njia, maana programu inakirekebisha yenyewe kifuate ukurasa mpya. Picha nazo zinaingia humo humo kwenye zipu. Bure kabisa!

Sharti ni moja, na litawaumbua wengi. Vichwa vya sura viwe vimewekwa kwa mitindo ya vichwa ya Word. Wale wa kukoza wino na kukuza herufi, wakaona wameshapata kichwa cha habari, watapewa ukurasa mmoja mrefu kama reli. Pandoc haitazami ukubwa wa herufi; inatazama muundo wa andiko. Pengine ndivyo inavyokuwa kazi ikianzishwa na mwanafalsafa: John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliitoa mwaka 2006, ikiwa imeandikwa kwa lugha ya Haskell. Leo inasoma na kuandika miundo kadha wa kadha.

Toleo la 3.0 lilitoka Januari 2023, na humo picha nazo zimepata heshima yake. Zamani picha na maelezo yake vilishikizwa kiujanja ujanja tu. Sasa kuna kasha maalumu linaloweza kubeba hata picha kadhaa chini ya maelezo mamoja. Kwa wanaoandika kwa alama za Markdown kuna na kalamu ya rangi: washa nyongeza ya mark, zungushia neno ==hivi==, linang'aa.

Halafu, miezi michache baadaye, Pandoc ikaanza kutumia Typst! Kutengeneza PDF kwa mfumo wa LaTeX kulidai kwanza upakue mzigo ambao ukiuchukua wote ni gigabaiti kadhaa, kifurushi cha intaneti kikilia. Typst ni programu ndogo tu. Isakinishe, kisha uandike --pdf-engine=typst, na PDF inatoka chapuchapu.

Kwenye dirisha la amri vitufe vya kubofya hakuna, wala usiipelekee Pandoc PDF uitake ikurudishie Word: hutoa PDF, haipokei. Na katika ile amri ya kwanza, ukiandika -o tasnifu bila .zip, inakufungulia folda moja kwa moja, mradi folda ya jina hilo isiwe ipo tayari. Ikiikuta, inagoma.