Nani Aliyetamka Kinyaa? Neno la Mwisho katika À bout de souffle na Wajibu wa Mfasiri

Mwisho wa filamu ya Kifaransa À bout de souffle (1960), iliyoongozwa na Jean-Luc Godard, umeacha neno moja la mtaani ambalo bado linawagawa wahakiki. Michel Poiccard, mwizi wa magari aliyemuua polisi, amepigwa risasi na kuanguka katika mtaa wa Campagne-Première jijini Paris. Patricia Franchini, msichana wa Kimarekani ambaye Michel anampenda na ambaye ndiye aliyepiga simu polisi kumfichua, anamkuta akikata roho. Michel anakunja uso mara tatu, kama alivyofanya walipokuwa chumbani, anatamka neno dégueulasse, anajifumba macho kwa mkono wake mwenyewe, na kufa. Patricia anauliza amesema nini. Inspekta Vital anamjibu. Patricia anauliza tena neno hilo lina maana gani, anapitisha kidole gumba midomoni, kisha anaipa kamera kisogo.

Swali lililozoeleka ni hili: Michel alimkusudia nani? Makala hii inadai kuwa swali hilo limeelekezwa kwa mtu asiye sahihi. Fumbo la tukio hili haliko kinywani mwa mfu. Liko kinywani mwa yule aliyejitwika kazi ya kumsemea.

Kauli hizo mbili zikilinganishwa, tofauti yake ni ndogo kwa silabi na kubwa kwa maana. Kwa masikio ya wengi, Michel anaanza na c'est, tungo isiyomtaja mtu. Kinachotia kinyaa kinaweza kuwa kifo hicho, usaliti, au maisha yake mwenyewe. Inspekta anaanza na vous êtes, yaani "wewe ni", kisha anaongeza kibainishi une. Kwa hatua hiyo kivumishi kinakuwa nomino ya kike, na manung'uniko yanakuwa tusi kwa mwanamke aliyesimama hapo. Wapo wanaosikia kwa Michel t'es badala ya c'est, kwa kuwa sauti yake ni hafifu. Hata wakikubaliwa, kibainishi kile kinabaki kuwa mali ya inspekta. Aidha, sehemu kubwa ya filamu hii ilipigwa bila kurekodi sauti papo hapo, na mazungumzo yakaingizwa baadaye studioni. Ni vigumu, basi, kuichukulia tofauti hii kuwa ajali ya maikrofoni.

Ushahidi mwingine umo katika mwenendo wa filamu nzima. Patricia hazungumzi Kifaransa kama mzawa, na mara kadhaa anamuuliza Michel maana ya maneno. Penzi lao limejengwa, kwa sehemu, juu ya maswali hayo. Mwishoni, aliyekuwa akimjibu amekufa, na anayebaki kumfasiria ni mtu wa dola aliyekuja kumwinda mpenzi wake. Ishara ya kidole gumba nayo ina historia yake: ni ya Michel, aliyeitumia kumwiga mwigizaji wa Kimarekani Humphrey Bogart. Patricia anairithi moja kwa moja, bila mkalimani. Neno la mwisho la Michel, kinyume chake, limemfikia likiwa limepitia mikono ya polisi.

Hapa ndipo tukio hili linapowahusu wafasiri wa Kiswahili. Kitenzi cha Kiswahili humlazimisha mfasiri kuchagua kiambishi cha kiima. "Unachukiza" inamtaja Patricia, na hivyo inampa inspekta ushindi kabla hajafungua kinywa. "Inachukiza" inataja hali na kumwondoa mtu. Kila moja inalifunga fumbo mapema. Hata hivyo, lugha hii ina njia ya tatu. Mshangao "Kinyaa kitupu!" hauna kiima, na unaweza kumwangukia msemaji, msikilizaji au ulimwengu mzima. Inspekta akisema, "Amesema wewe ni kinyaa kitupu," nyongeza yake inaonekana wazi. Patricia naye anaweza kuuliza, "Kinyaa ni nini?" Hasara ipo: kinyaa si neno la vijiweni kama lilivyo dégueulasse. Lakini msimu wa Nairobi au wa Dar es Salaam ungelifungia tukio katika jiji moja, na msimu huchakaa upesi. Kati ya kupoteza ladha ya mtaani na kupoteza fumbo, hasara ya kwanza ni nyepesi.

Jambo hili halikomei kwenye filamu. Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zina Kifaransa na Kiswahili katika maisha ya umma, na maneno ya mtu mara nyingi hufika kwa mwingine kupitia mdomo wa tatu: mahakamani, hospitalini, mpakani. Katika vibanda vya video, msimulizi anayeongeza chumvi hufurahisha, na hadhira inajua kuwa anaongeza. Mbele ya hakimu, kiambishi kimoja kilichoongezwa kwa nia njema kinaweza kugeuza malalamiko kuwa tusi, au tusi kuwa tishio, na aliyesema asijue.

Kwa hiyo miongozo ya tafsiri na ukalimani inayoandaliwa katika ukanda huu inapaswa kueleza waziwazi lililo gumu kwa wafasiri wengi: kauli yenye utata ifikishwe na utata wake, na pale sarufi inapolazimisha uchaguzi, mfasiri aseme kuwa amechagua. Inspekta Vital hakusema hivyo. Alijibu kwa uhakika, na Patricia, asiyelijua neno, hakuwa na namna ya kumsahihisha.