Malungu ya Ufipa na Jicho la Inkishafi

Mshairi wa pwani akikutana na gofu, moyo humpeleka kwenye Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyohamwa, akauonya moyo wake usighurike na dunia. Tangu hapo magofu yote husomwa kama mawaidha juu ya mali iliyopita. Kipimo hicho chaweza kuufaa mji wa dhahabu kama Chunya, ulioshamiri miaka ya 1930. Hakiyafai malungu ya Ufipa.

Malungu ni tanuri za udongo, ndefu kumpita mtu, zilizosalia nyanda za Sumbawanga na Nkasi. Ziliyeyusha mawe ya chuma kwa hewa iliyojivuta yenyewe matunduni, bila mivukuto. Kisha chuma kikasafishwa katika vintengwe, kikafuliwa majembe. Moto ulizimika karne ya 20, jembe la kiwandani lilipoenea. Hapakuwa na anasa ya kutubiwa. Kuwalilia wahunzi hawa kwa kilio cha Pate ni kuwadhulumu.

Udongo hauistahimili mvua kama matumbawe. Atakayeyatungia malungu utenzi na afanye hima, aanze na kazi: nani alichimba, nani alichoma makaa, nani aliujua moto.