NANI ALIPE? ADA YA TAKA NA CHUPA ISIYORUDI

Katika miaka ya karibuni semina zetu zimepokea maneno mapya: "uchumi wa mzunguko", "kodi ya mazingira", "anayechafua alipe". Ni maneno mazuri. Lakini kada halipokei neno kwa uzuri wake. Hulipima kwa swali la zamani: linamnufaisha nani, na linamtwisha nani mzigo? Tuyapime maneno haya hapa Mwanza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliitaja kanuni ya anayechafua alipe. Mwananchi wa Mabatini au Igogo anaijua kanuni hiyo kwa sura moja tu: ada ya taka. Kaya hutozwa kwa mwezi, si kwa wingi wa taka. Fedha hiyo hulipia kuzoa taka na kuzipeleka dampo la Buhongwa. Kazi hiyo ni ya lazima, na vikundi vinavyoteremsha taka kutoka milima ya mawe, ambako gari halifiki, vinastahili heshima na malipo ya haki. Lakini tusidanganyane: ada hiyo ni nauli ya taka tu. Haipunguzi taka hata kilo moja. Mama mwenye maganda ya ndizi na jirani aliyetupa chupa mia hulipa sawa, na aliyezitengeneza chupa hizo hayumo kabisa katika hesabu.

Wako ndugu wanaosema Mto Mirongo hujaa plastiki kwa sababu wananchi hawana ustaarabu. Hilo ni kosa la nadharia. Fikra hiyo humwona mtumiaji, haimwoni mzalishaji. Tukumbuke chupa ya kioo ya soda. Dukani tuliambiwa: rudisha chupa, ama acha hela ya chupa. Mtoto aliyeiokota njiani aliikimbiza dukani. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni chupa. Kiwanda kilipoingia katika plastiki kilijivua gharama ya kukusanya chupa na kuziosha, kikaibwaga juu ya halmashauri, juu ya mlipa ada na juu ya ziwa. Faida ikabaki ya mwenye mali, hasara ikawa ya umma.

Hasara hiyo si ndogo. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ulithibitisha chembe za plastiki matumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano.

Marx, katika juzuu ya tatu ya Kapitali iliyotolewa na Engels mwaka 1894, alieleza kwamba bepari huzirudisha taka za kiwanda katika uzalishaji pale bei ya malighafi inapomlazimisha. Tunao ushahidi hapa hapa. Sangara hatupwi: minofu huenda ng'ambo, mabondo hugombewa na wanunuzi, mapanki hukaangwa na kuliwa na wanyonge. Mgawanyo huo una dhuluma yake, lakini unatufundisha jambo: chenye bei hakitupwi. Chupa ya plastiki ingekuwa na bei ya kutosha, isingefika Mirongo.

Kosa la pili ni la wale wanaodhani kodi yoyote ni dawa. Ireland ilitoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki mwaka 2002, na matumizi yakashuka kwa kiasi cha asilimia 90. Maana yake, kodi ya mazingira iliyofanikiwa hula mapato yake yenyewe. Halmashauri inayoitegemea kujaza mfuko itaanza kuombea taka ziongezeke. Sisi kwa mifuko tulichagua marufuku, kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa chupa tunapendekeza hivi:

(a) Tozo itozwe getini mwa kiwanda na bandarini, mahali ambapo uamuzi wa kutengeneza au kuagiza hufanywa.

(b) Tozo hiyo iwe amana, irudi mkononi mwa aletaye chupa. Waokota chupa wajiunge katika ushirika, ili wasinyonywe na walanguzi wa kati.

(c) Nchi tatu za ziwa zitoze kwa pamoja, kwa kupitia Jumuiya. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800, na wimbi halina pasipoti.

Tutaambiwa kwamba kiwanda kitaongeza bei na mnyonge ndiye atakayelipa. Ni kweli kwa kodi ya kawaida. Kwa amana, anayerudisha chupa hurudishiwa fedha yake. Anayepoteza ni anayetupa, na kiwanda kinachorudia chupa zake hakipati hasara.

Mwisho, tujikosoe. Ni mara ngapi tumefundisha juu ya mazingira huku meza yetu imepangwa chupa za plastiki za maji, na baada ya kikao hakuna aliyeuliza zilikokwenda? Kada anayetaka kuwahimiza wananchi walipe ada aanze na mtungi na bilauri mkutanoni kwake. Kisha aende kwenye baraza la madiwani na kuuliza swali ambalo ada ya taka haijalijibu: aliyezitengeneza chupa hizi analipa nini?