"Maporomoko" na "Poromoko": Hoja Juu ya Umbo la Neno

Aendaye Shinyalu, katika Kakamega, akauliza maporomoko yako wapi, huenda akaelekezwa msituni, mahali mto Isiukhu unapoanguka miambani. Hayo ni maporomoko yasiyomdhuru mtu. Lakini neno lilo hilo ndilo linalotumiwa na magazeti na redio mvua inapouangusha mlima juu ya nyumba. Katika makala haya mafupi twadai kwamba kasoro haimo katika mzizi wa neno, bali katika umbo lake.

Kitenzi "poromoka" hakina ila. Chatofautiana wazi na "momonyoka": udongo unaomomonyoka huliwa kidogo kidogo kwa miaka, unaoporomoka huja kwa mara moja. Waandishi wanaoyachanganya maneno haya hupotosha, kwani mmomonyoko huzuiwa kwa matuta na miti, lakini ardhi inayoporomoka hukimbiwa. Hata sitiari zake zimenyooka. Wasemao Kiingereza huufananisha ushindi mkubwa wa kura na ardhi iliyoporomoka. Kiswahili hakikufuata, kikasema "ushindi wa kishindo", kwa kuwa kwetu kinachoporomoka ni bei, shilingi au maadili. Aporomokaye ndiye aliyeshindwa.

Tatizo ni kiambishi "ma-". "Maporomoko" hutaja mahali, tukio moja na matukio mengi bila kutenga. Mwezi Agosti 2007, kule Kuvasali, upande wa Malava, kaskazini ya Shinyalu, ardhi iliporomoka. Watu wakakusanyika kuwafukua waliofukiwa. Ikaporomoka mara ya pili, ikawafunika wao pia. Anayetangaza kwamba "kumetokea maporomoko" huyakusanya yote mawili kuwa jambo moja lililokwisha, na msikilizaji hawezi kujua kama ni moja au mengi.

Twasema "tetemeko la ardhi", tukahesabu la kwanza na yanayolifuata. Hapana kanuni ya sarufi inayokataza "poromoko la ardhi" kwa mfano huo huo. Huenda mtu akapinga kwamba "mporomoko" tayari upo. Lakini huo umekwisha kushikwa na bei na maadili, tena haukuzoeleka kwa ardhi. Wengine watasema mazoea hayabadiliki. Twajibu kwamba wingi haubadiliki: yakiwa mengi, yataitwa maporomoko kama zamani. Tunachoomba ni umoja wake tu, uingie katika kamusi na katika taarifa za hadhari, ili mwenye jembe mkononi, anayemfukua jirani yake, aambiwe kwa maneno machache kwamba poromoko la pili laweza kuja.