Nani Aliyemaliza Sith Lords?

Nilipofika mwisho wa Knights of the Old Republic II: The Sith Lords mara ya kwanza, nilidhani kopi yangu imeharibika. Nimekesha usiku ngapi nikipiga gumzo na wenzangu ndani ya meli ya Ebon Hawk, kila mmoja najua kidonda chake, halafu tunatua Malachor V na karibu wote wanapotea. Hakuna hata kwaheri. Roboti mdogo, Remote, anazuiwa na G0-T0, roboti mwenzake mwenye vitisho, na onyesho linakatika hapo hapo. Nikamrudia jamaa aliyeniwekea gemu. Akacheka: "Si kopi, buda. Gemu yenyewe iko hivyo."

Na ni kweli. Obsidian ilikuwa kampuni changa, imeanzishwa 2003, na gemu ikatakiwa kuwa madukani Desemba 2004. Muda ukaisha kabla ya kazi. Kiwanda cha roboti za HK kikakatwa, sayari ya roboti M4-78 ikakatwa, na vipande vingi vya mwisho pia. Lakini waliokata hawakufagia. Sauti nyingi za waigizaji na mistari ya mazungumzo zilibaki ndani ya diski, hazina wa kuziita.

Wachezaji wakaziita. Mazungumzo ya gemu hii ni kama mti: kila tawi lina skripti inayouliza, je, hili limetokea? Waliotengeneza modi iitwayo The Sith Lords Restored Content walikaa miaka wakiunga matawi yaliyokatwa, wakiandika skripti zilizokosekana na kupanga nani asimame wapi. Bila malipo.

Je, walifaulu? Pale mwisho, ndiyo. Wenzako wanapata neno lao, na sasa safari ina uzito. Kiwanda cha HK, ambako unamwongoza HK-47 peke yake, kinachekesha ila ni kirefu mno. M4-78, iliyotoka kama modi ya kando, ni kutembea huku na huku hadi unachoka. Hapo nasema mkasi ulifanya kazi yake. Si kila kilichokatwa kilionewa.

Kuna swali zito zaidi, na linatoka ndani ya gemu yenyewe. Kule Nar Shaddaa ombaomba anakuomba pesa. Ukimpa, anaporwa. Ukimnyima, anaenda kumpora mwingine. Vyovyote vile, ajuza Kreia, mwalimu wako, atakusuta: ukimsaidia mtu bila kufikiri, huenda umemnyang'anya nguvu ambayo angeipata kwa kupambana. Je, wenye modi wamewanyang'anya Obsidian kitu? Wapo wanaosema ule mwisho mtupu unafaa, kwa sababu Exile ni mtu wa upweke.

Mimi sikubali. Upweke aliouandika mwandishi ni kitu kimoja, na upweke ulioletwa na kalenda ni kingine kabisa. Nasema hivi nikiwa mtu aliyeacha chuo zikiwa zimebaki semesta mbili, karo ikiwa imekataa. Watu hupenda kuipa hadithi yangu maana: eti nilichagua uhuru, eti nilikuwa mwasi. Wapi! Muda na pesa viliisha. Nikiona onyesho la Remote likikatika, sioni sanaa. Naona mtu aliyeambiwa aweke kalamu chini akiwa katikati ya sentensi.

Ndiyo maana yaliyotokea kwenye Nintendo Switch yaliniuma. Gemu ilipoletwa huko 2022, wachezaji waliahidiwa maudhui haya yaliyorudishwa. Mwaka 2023 mpango ukafutwa. Kazi ipo, imekamilika, kwenye kompyuta unaipakua bure. Lakini anayeicheza kwenye Switch anafika Malachor V vile nilivyofika mimi, akidhani tatizo ni kopi yake.