Kahawa ya Mkahawani na Kahawa ya Nyumbani

Ubishi juu ya vinywaji ni ubishi wa kale, wala hauishi upesi, kwa sababu kila mtu ana ulimi wake. Mmoja husema kwamba kahawa ya kweli hupatikana mkahawani tu, palipo na mtambo na mtumishi aliyefundishwa kuutumia. Mwingine hujibu kwamba kahawa ya mkahawani ni jina kubwa na bei kubwa, na kwamba mwenye sufuria na moto hana haja ya kwenda mjini. Wewe, msomaji, yamkini umekwisha kuchagua upande. Nakuomba uuweke kando kwa kitambo, tuzipime kahawa zote mbili kwa mizani moja. Maana asikilizaye upande mmoja hahukumu, bali hushabikia.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo linalopimwa. Mtu asemapo kwamba kahawa fulani ni nzuri, huenda anasifu kiti alichokikalia, au kikombe, au macho ya watu waliomwona akiinywa. Hayo yote si ladha. Mhakiki wa kinywaji, kama mhakiki wa kitabu, hana budi kutenga maandishi na jalada. Hata herufi AA tunazoziona juu ya pakiti zisitupumbaze: katika biashara ya kahawa ya Kenya herufi hizo hutaja ukubwa wa punje zilizochekechwa, wala si kiapo cha utamu wake.

Sasa tuusikilize mkahawa. Hoja yake ya kwanza ni mtambo. Kahawa iitwayo espreso hupatikana kwa kusukuma maji ya moto katika unga laini wa kahawa kwa nguvu ipatayo mara 9 ya kanieneo la hewa, kwa muda wa nusu dakika hivi. Ufundi huu ulikuzwa Italia: Luigi Bezzera wa Milan alitengeneza mtambo wake mwaka 1901, na Achille Gaggia akauongezea nguvu katika miaka ya 1940. Sufuria ya nyumbani haiwezi kazi hiyo, na adaiye kuwa yaweza hajaonja zote mbili. Hoja ya pili ni kwamba mkahawa mwema husaga kahawa wakati ule ule wa kuitengeneza. Na hili ni jambo kubwa, kwa kuwa kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu yake upesi inapopigwa na hewa.

Hoja hizo ni za haki. Lakini tazama kinachoagizwa na wateja wengi. Huagiza late, yaani espreso kidogo iliyotiwa maziwa yaliyopashwa kwa mvuke, na maziwa hayo huizidi kahawa mara kadhaa. Wengine huongeza sukari, shira ya vanila na krimu juu yake. Anywaye hivyo anakunywa maziwa matamu yenye harufu ya kahawa. Si vibaya kuyapenda. Kosa ni kuyaleta barazani kuwa ushahidi wa ubora wa kahawa. Sukari ni shahidi mwenye sauti kubwa, na chini ya sauti yake hata kahawa iliyoungua wakati wa kukaangwa hupita bila kuulizwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mkahawa usifiwao kwa krimu hauna sababu ya kuhangaikia kahawa.

Tugeuke nyumbani. Kahawa ya nyumbani ina adui watatu, nao wote wanaishi jikoni mwetu. Wa kwanza ni kuitokosa muda mrefu kama tunavyotokosa chai, hata uchungu wake ukafunika ladha nyingine zote. Wa pili ni ubahili: kijiko kimoja cha unga katika birika nzima, kisha mpishi hulaumu kahawa kuwa nyepesi. Wa tatu ni pakiti iliyoachwa wazi rafuni kwa miezi. Ukiwaondoa adui hao, kazi iliyobaki ni ndogo. Tia gramu 60 hivi za unga kwa lita 1 ya maji. Maji yakiisha kuchemka yaepue, yangoje nusu dakika, kisha uyamimine juu ya unga. Funika dakika 4, uchuje, unywe. Hapana mtambo hapo. Pakiti ya robo kilo, kwa kadiri ya gramu 15 kwa kikombe, hutoa vikombe 16. Na mjini fedha za pakiti hiyo hunywewa katika vikombe vichache tu.

Basi, ikiwa njia ni rahisi hivyo, mbona nyumba nyingi za wakulima wa kahawa hazina kahawa? Nimefundisha wanafunzi waliochuma buni tangu utotoni, wanaojua kubagua tunda jekundu na bichi kwa kupapasa, lakini hawajapata kuonja kikombe cha zao lao. Penye miti hapana wajenzi. Lakini methali hii isitufanye tuwacheke, maana jambo hili lina historia. Wamisionari Wafaransa walipanda kahawa Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893. Baadaye serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuilima. Kisii na Meru waliruhusiwa kwa kujaribiwa katika miaka ya 1930, na mlango haukufunguliwa kwa upana mpaka baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Wazee wengi, basi, waliijua kahawa kwanza kama vibarua katika shamba la mwingine, kisha kama wakulima wa zao linalopelekwa ng'ambo. Hata leo sehemu kubwa mno ya kahawa yetu husafirishwa nje. Kwa hiyo, kijana wa Nyeri au Kirinyaga akiambiwa kwamba kahawa ni kinywaji cha mkahawa wa kifahari, anauziwa kwa bei ya mgeni kitu kilichotoka kwao.

Kuna shahidi wa tatu asiyekuwa wa mkahawa wala wa jikoni, naye ni muuza kahawa wa Pwani. Katika Mombasa na Lamu, kahawa huchemshwa ndani ya dele la shaba juu ya makaa, pengine kwa tangawizi na iliki, ikanywewa bila sukari katika vikombe vidogo, huku mnywaji akitafuna kashata, tende au haluwa. Utaniuliza: je, huku si kuitokosa kulikolaumiwa? Ndiyo, lakini hapa uchungu umekusudiwa, na utamu wa pembeni umewekwa ili kuulaki. Kosa la jikoni ni uchungu usiotakiwa na mtu. Ndiyo sababu kila kazi yapasa kupimwa kwanza kwa kusudi lake.

Muuza kahawa huyu hutufundisha pia kwamba kikombe huketisha watu pamoja. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa amri Desemba 1675 ya kufunga nyumba za kahawa, akisema kwamba zinaeneza habari za uongo juu ya serikali yake. Lakini kelele za watu zilimfanya aiondoe Januari 1676, kabla haijaanza kutumika. Hakuogopa kinywaji, aliogopa mazungumzo. Baraza la Pwani lingali na mazungumzo hayo. Katika mikahawa ya mjini, mara nyingi utaona watu wanne mezani na simu nne, kila mmoja akizungumza na asiyekuwapo. Hata hivyo tusiwe wakali kupita haki: aliyekosa mahali patulivu pa kusomea huenda akanunua kikombe ili apate meza, na bei hiyo kwake si hasara.

Hukumu yangu ni hii. Kwa espreso, mkahawa umeshinda, na ushindi wake hauna shaka. Kwa mazungumzo, baraza limeshinda. Kwa kahawa ya kila siku, inayonywewa kwa ladha yake bila kufunikwa na sukari, nyumba imeshinda, lakini kwa sharti kwamba mpishi awaondoe wale adui watatu. Wewe huna wajibu wa kuikubali hukumu hii kwa kuwa imetoka kwa mwalimu. Tafuta kahawa iliyolimwa karibu nawe, uitengeneze kwa uangalifu, uionje kwanza bila sukari, na umpe aliyeichuma kikombe cha kwanza. Mkulima aijuaye ladha ya zao lake hawezi kuambiwa na kila mnunuzi kwamba ni hafifu akaamini. Na msomaji aliyezoea kuonja kabla ya kusifu hatadanganywa kwa urahisi na jalada la kitu chochote.