Mikono ya Makanga, Kitale hadi Bungoma

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, tawi lililochomoka Leseru kutoka njia kuu ya Uganda, ile inayopita Webuye na Bungoma hadi Malaba. Leo abiria kati ya Kitale na Bungoma wanategemea matatu.

Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye: makanga wa matatu hutaja vituo hivyo vyote kwa pumzi moja. Mtazame kazini. Mama anafika na gunia la maharagwe na kuku wawili waliofungwa miguu. Kijana analipokea gunia, analilaza nyuma, anawasukuma kuku taratibu chini ya kiti, kisha anampa mama mkono apande. “Karibu, mathe, kaa hapa dirishani.” Nauli anaikusanya gari likienda, chenji ya kila mtu ameishika kichwani, bila karatasi. Hiyo ni akili ya kuheshimiwa.

Mikanda ya usalama, sare ya makanga, mstari wa manjano ubavuni mwa matatu na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa vilifanywa lazima na kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki, 2004. Zilifaa sana.

Giza likiingia, makanga hupiga bati mara mbili. Dereva anasimama penye kijia, na gunia linashuka kabla ya mwenyewe.